Peni zimeandikwa Henry, mnunuzi anasema ni za John

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wetu. Nafanya kazi ya zamu hospitalini, upande wa nguo na mashuka. Mambo ya sarafu za kale yaliniingia mwanangu alipofundishwa shuleni habari za wafalme wa zama za kati. Nilimnunulia peni moja ya fedha ya Mfalme Edward ashike mkononi kitu ambacho watu walinunulia mkate miaka 700 iliyopita. Mtoto aliiangalia, akaiweka kabatini, akarudi kwenye mpira wake. Mimi ndiye niliyenasa. Tangu hapo nanunua peni mbili tatu kwenye minada midogo na masoko ya Jumapili, nazipima, nazisoma, nazipiga picha, kisha nauza mtandaoni zile ninazoweza kuachana nazo. Faida si kubwa. Inanunua sarafu nyingine, na mara mojamoja viatu vya shule.

Sasa kuna mambo mawili yananikosesha usingizi.

La kwanza ni mnunuzi. Nilimuuzia peni yenye uso wa mfalme anayetazama mbele, na imeandikwa HENRICVS REX. Nyuma ina msalaba mfupi wa mistari miwili, na maneno yanaishia ON NICO. Niliitangaza kuwa ya Henry wa Pili, imepigwa na mtu aitwaye Nico. Mnunuzi ameniandikia, kwa adabu tu, kwamba ni ya Mfalme John, imepigwa Lincoln, na anataka arudishiwe pesa zake. Mjomba, jina la Henry linasomeka hata bila miwani! Kitu pekee nilichokiona cha ajabu ni kwamba herufi S imepinduka, inatazama upande usio wake. Mume wangu anasema huyo ni mjanja, anatafuta kupunguziwa bei.

La pili ni zito zaidi. Kuna bwana mmoja wa sokoni, mwenye mashine ya kutambua vyuma ardhini, ambaye amekuwa akiniuzia peni mojamoja. Juzi alinivuta pembeni akanionyesha mfuko wa plastiki wenye peni kama sitini. Zote zina udongo wa rangi moja, mwekundu mwekundu, na nyingine zimegandana. Anasema zilikuwa kwenye droo ya marehemu babu yake. Anataka pesa taslimu, risiti hataki, na bei anayotaja ni kama theluthi ya ile ninayouzia. Nilizowahi kusoma zimeandikwa EDWA R ANGL DNS HYB, nyuma zina London, Canterbury, Durham. Moja ina mfalme anayetazama kando, na nyuma yake kuna nyota nne.

Mume wangu anasema riziki imebisha hodi, tukope kidogo tununue. Bwana anataka jibu Jumapili. Moyo unasita lakini sina hoja ya kumwambia mume wangu. Na tukizinunua, nizisafishe kwa ndimu na magadi kama bibi yangu alivyosafisha vikuku vyake?

Binti wa Pangani, Leicester

*

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu yale mambo mawili uliyoyatenganisha ni jambo moja. Twende polepole, utaona.

Mnunuzi wako anasema kweli. Mrudishie pesa leo, na umshukuru.

Mwaka 1180 Henry wa Pili alibadilisha peni za Uingereza. Alitoa sarafu mpya: mbele uso wa mfalme na fimbo yake ya kifalme, nyuma msalaba mfupi wa mistari miwili, na maneno HENRICVS REX. Henry akafa 1189. Mwanawe Richard akatawala miaka kumi, na peni zikaendelea kuandikwa Henry. Akaja John mwaka 1199, zikaendelea kuandikwa Henry. Akaja Henry wa Tatu mwaka 1216, jina likarudi kuwa kweli kwa bahati tu, na hali ikawa hivyo mpaka 1247 msalaba ulipobadilishwa. Kwa hiyo jina lile linafunika wafalme wanne. Ukisoma Henry kwenye peni ya msalaba mfupi bado hujajua chochote. Kazi ya kuitambua ndiyo kwanza inaanza.

Hapo ndipo inapokuja ile S yako. Karibu mwaka 1205 John aliamuru sarafu zilizochakaa zipigwe upya, karakana nyingi za kupigia sarafu zikafunguliwa tena, na mihuri mipya ya kuzipigia ikachongwa. Kwenye mihuri ya mwanzo ya kazi hiyo S ilichongwa ikiwa imepinduka. Ni alama inayojulikana sana, na mnunuzi wako ameiona pichani. Tazama pia nywele za mfalme. Kwenye peni nzuri za Henry wa Pili utahesabu misokoto miwili upande wa kushoto na mitano upande wa kulia, haikulingana. Kwenye za John misokoto inalingana zaidi, na mara nyingi kuna kitone ndani ya msokoto. Hilo halionekani kwa macho matupu. Nunua lenzi ya kukuza mara 10, uielekeze kwenye nywele kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Na NICO si mtu. Mpangilio wa nyuma ni jina la mpiga sarafu, kisha ON, kisha mji. NICO ni Lincoln kama walivyouita Wanormani. Jina la mpiga sarafu liko kabla ya ON, na kwenye sarafu yako huenda limechakaa. Anza kusoma kwenye kile kimsalaba kidogo kilicho juu, uzunguke kuelekea kulia, na ukumbuke kwamba V husimama badala ya U. Ukizoea, ILGER ON LVND au ROGER ON CANT utazisoma ukiwa kwenye basi.

Sasa jiulize: kama sarafu zote zimeandikwa Henry, na hakuna hata moja yenye mwaka, nani aliyejua kwamba hii ni ya John na ile ni ya Richard?

Mwaka 1864, Eccles karibu na Manchester, kilipatikana chungu chenye peni za msalaba mfupi zaidi ya 6,000. Hakikutawanywa kimyakimya sokoni, watu wa elimu walizipata zikiwa pamoja. Mwaka uliofuata mtaalamu John Evans aliandika makala yake akizigawa peni hizo katika makundi matano kwa kufuata mtindo, maandishi na miji. Waliomfuata wakaongeza mpaka yakafika manane, na ndiyo makundi tunayoyatumia hadi leo. Ukiona mtu ametangaza peni ya kundi la 5 au la 7, anategemea kazi iliyoanzia kwenye kile chungu. Sarafu moja peke yake haikuweza kumwambia Evans lolote. Zilizozikwa pamoja ndizo zilizosema: hizi zilikuwa zikitumika wakati mmoja, hizi zimechakaa zaidi kwa hiyo ni za zamani, hizi bado ni kali kwa hiyo ni za mwisho.

Kwetu pia mambo yalikuwa hivyohivyo. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa Kiislamu wa pwani. Hazikuwa na tarehe. Dinari chache za dhahabu kutoka nje zilizokuwa pamoja nazo ndizo zilizosaidia kujulikana kuwa ni za karne ya 11. Mtu angechukua dhahabu akauza Muscat, na fedha akauza mjini, leo tusingekuwa na habari ile.

Kwa hiyo mfuko wa yule bwana.

Binti yangu, wewe mwenyewe umeshauchunguza vizuri kuliko unavyodhani. EDWA, badala ya EDW tu, inaanza mwishoni mwa utawala wa Edward wa Kwanza, miaka ya 1300 na kitu, na inaendelea kwa Edward wa Pili. Ile ya mfalme anayetazama kando yenye nyota nne ni ya Alexander wa Tatu wa Uskoti, ambaye peni zake za mtindo huo zilianza 1280 na zilitumika Uingereza bila shida kwa kuwa uzito ulilingana. London, Canterbury, Durham, na Mskoti mmoja katikati yao: hivyo ndivyo ulivyokuwa mfuko wa mtu wa Uingereza ya miaka ile. Huo ni mkoba wa mtu aliyezika akiba yake mwanzoni mwa karne ya 14 na hakurudi kuichukua.

Babu wa droo angekusanya vipi? Mkusanyaji hutafuta tofauti. Ana moja ya London, moja ya Bury St Edmunds, moja ya Berwick, kila moja kwenye bahasha yake na kijikaratasi cha alikoinunua na kwa bei gani. Hakuna mkusanyaji anayehifadhi peni sitini zinazofanana, zimegandana, na udongo bado mbichi kwenye herufi. Huhitaji kuwa hakimu kuona hilo, na yule bwana anajua kwamba umeona. Ndiyo maana hataki risiti.

Sheria ya England, Wales na Ireland ya Kaskazini ni Sheria ya Hazina ya 1996. Sarafu mbili au zaidi zilizopatikana pamoja, zenye umri wa miaka 300 au zaidi, na zenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10, ni hazina. Peni za Edward zina fedha asilimia 92.5. Aliyezipata ana siku 14 kutoa taarifa kwa koroneri, yule ofisa anayechunguza vifo vya ghafla, na asipotoa anaweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini, au vyote viwili. Sarafu moja iliyookotwa peke yake kwa kawaida si hazina, ndiyo maana biashara yako ya mojamoja inawezekana, mradi mwenye shamba aliridhia.

Mkwe wangu naye asikie hili, maana nadhani kinachomsukuma ni mapenzi kwa nyumba yake. Mwaka 2015 watu wawili wenye mashine kama hizo walifukua hazina ya zama za Waviking karibu na Leominster, Herefordshire. Inaaminika sarafu zilikuwa kama 300. Zilizopatikana ni kama 30 tu, zilizobaki zimepotelea gizani. Mwaka 2019 wote wawili walifungwa miaka mingi, na wauzaji wa sarafu waliowasaidia kuficha nao wakatiwa hatiani. Mahakama haikuishia kwa mwenye mashine. Ukinunua mali huku unaamini si halali, umeingia kwenye kosa lake, na barua uliyoniandikia inaonyesha kwamba moyo wako umeshaamini. Umwambie mume wako kwamba mkopo utabaki kulipwa hata polisi wakizichukua peni zote bila kukurudishia hata pauni moja.

Kuna njia ambayo haimnyang'anyi yule bwana kitu, na ungeweza kumwambia kwa upole. Hazina ikitolewa taarifa na makumbusho ikaitaka, kamati huikadiria kwa bei ya soko, na zawadi kwa kawaida hugawanywa nusu kwa aliyeipata na nusu kwa mwenye shamba. Hiyo ni zaidi ya theluthi anayokuomba wewe, na ni pesa ambayo mtu analala nayo usingizi. Makumbusho wasipozitaka, zinarudishwa, na hapo zinaweza kuuzwa kwa karatasi safi. Akikataa haya yote, shaka ya alikozitoa inazidi. Anaweza kuwa aliingia shamba la watu usiku.

Hatua yako ni hii. Usinunue, usichukue hata moja ya mfano, usimwekee nyumbani. Mpigie ofisa wa eneo lako wa Portable Antiquities Scheme, mradi wa kuorodhesha vitu vya kale ambavyo watu huviokota. Maofisa wake wako sehemu zote za England, na huko mradi huo unaendeshwa na British Museum. Si polisi. Ni watu wa sarafu kama wewe, na wengi wao watafurahi kuzungumza nawe kwa saa nzima. Mweleze ulichoona.

Kuhusu ndimu na magadi: hapana kabisa, si kwa hizi wala kwa yoyote. Vikuku vya bibi yako vilikuwa vya kuvaliwa, vinang'aa vinapendeza. Peni ina ngozi nyembamba ya rangi ya kijivu iliyojengeka kwa karne saba, na asidi ikiigusa inaacha uso wenye vishimo ambao mnunuzi yeyote mzoefu ataugundua papo hapo, na bei inashuka nusu au zaidi. Udongo mkavu unalowekwa kwenye maji yaliyochujwa chumvi, siku kadhaa, yakibadilishwa, basi. Usisugue. Zihifadhi kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, si kwenye vifuko laini vya plastiki vya bei rahisi vinavyotoa ute wa kijani.

Uwe pia na mizani inayosoma gramu hadi desimali mbili. Peni ya Edward wa Kwanza ilitoka karakana na uzito wa gramu 1.4 na kitu. Ukikuta 1.1 na kingo hazizunguki vizuri, imekatwa, na kukata kingo za sarafu ya mfalme kulikuwa kosa la kunyongwa. Ukikuta uzito umezidi sana, au uso una vitobo vidogo vya povu na kingoni kuna mstari wa mshono, hiyo haikupigwa kwa nyundo kabisa, imemiminwa kwenye kalibu, na inawezekana imetengenezwa juzi. Nyundo huacha chuma kikiwa kimetanuka na herufi zimebanwa kwa nguvu. Ukishazishika za kweli nyingi, kidole kitaanza kukataa za bandia kabla ya jicho. Ndiyo maana nakushauri uende siku za maonyesho ya sarafu uzishike nyingi bila kununua.

Hukuniambia uko kwa viza gani, nami nalazimika kuuliza kwa sababu nimeona vijana wetu wakiumia. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi kujiajiri, na viza ya kazi inayofungamana na mwajiri nayo ina mipaka yake. Kuuza vitu vyako vya kibinafsi ni jambo moja; kununua kwa nia ya kuuza tena, mara kwa mara, kunaonekana kama biashara. Kama una ukaazi wa kudumu au uraia, hilo halikuhusu, lakini kodi inakuhusu: mapato ya biashara ndogo hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi hayadaiwi kitu, yakizidi unajisajili. Masoko ya mtandaoni sasa hupeleka taarifa za wauzaji kwa mamlaka ya kodi wanapofikisha mauzo 30 kwa mwaka, au mapato ya kama pauni 1,700, kwa hiyo weka daftari. Na mtu wa nje ya Uingereza akitaka kununua peni iliyotoka kwenye ardhi ya Uingereza, uliza kwanza habari za kibali cha kuisafirisha kwa Arts Council England kabla hujaifunga kwenye bahasha.

Ile ya Lincoln ikirudi, usiifiche kwa aibu. Itangaze upya: John, kundi la 5, S iliyopinduka, Lincoln, uzito wake, na ulikoinunua. Huenda mnunuzi yuleyule akaichukua, maana sasa anajua muuzaji wake anasikiliza.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Zile peni za mojamoja ulizokwisha kununua kwa bwana huyo, zitoe kabatini usiku huu uzipange chini ya taa. Kama yoyote ni ya Edward, na kwenye mikono ya herufi kuna udongo mwekundu mwekundu kama ule wa mfukoni, ondoa tangazo lake mtandaoni kabla hujalala. Uende nazo kwa ofisa pamoja na risiti, ujumbe wa simu, na chochote alichokuandikia, kila peni kwenye bahasha yake na tarehe uliyoinunua. Zilizokwisha kuuzwa, toa picha na majina ya walionunua. Mwambie mume wako aende nawe.